Arusha Haina Bahari, ila Inaiuza

Jirani yangu hapa Njiro ni dereva wa utalii, mwaka wa ishirini na kitu sasa. Jioni moja ya Februari alinibishia hodi akiwa na simu mkononi, anataka nione picha aliyotumiwa na mteja. Ilikuwa picha ya samaki. Ametundikwa kwa mkia, mdomo wake mrefu kama upanga umeelekea chini, tumbo lake linang'aa. Kando yake amesimama mgeni aliyebabuka uso kwa jua, na ukimlinganisha na samaki yule utadhani ni mtoto aliyesimama chini ya mnazi.

Wiki moja kabla, mgeni huyo alikuwa kwenye gari la jirani yangu kule Ndutu akitazama nyumbu wakizaa. Ndama mmoja alipochukuliwa na fisi, mgeni alifuta machozi na kuomba gari liondoke. Kutoka Ndutu walirudi mjini, akalala usiku mmoja, asubuhi akapanda ndege ndogo pale Kisongo kwenda Zanzibar na kutoka huko Pemba. Safari nzima, ya nyika na ya maji, ilikuwa imelipiwa katika ofisi moja tu, hapa hapa Arusha.

"Mwalimu, huyu ni papa?" aliniuliza.

Nikamwambia ni nduwaro, yule ambaye wageni humwita marlin.

"Jike au dume?"

Nilikwama. Kwake hilo ni swali la kawaida kabisa. Mwongoza watalii wa Arusha akioneshwa simba aliye mbali, kabla hujamaliza kunyoosha kidole ameshakwambia ni jike au dume, ana umri gani, ana watoto au hana. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo anavyopimwa na wageni. Mimi niliyesoma vitabu sikuwa na jibu, na mgeni aliyesimama kando ya samaki wake hakuwa ameandika lolote kuhusu hilo. Aliandika uzito tu, na alama tatu za mshangao.

Tangu siku hiyo nimekuwa na neno moja la kuwaambia watu wa mji huu. Tumejifunza, kwa gharama kubwa na kwa ugomvi mwingi, kuwahesabu wanyama wenye miguu minne. Sasa tunauza samaki wa kilindini katika paketi ile ile, kwa wateja wale wale, na hatuulizi hata swali la kwanza.

Msomaji wa Sakina au Ngaramtoni anaweza kuniuliza bahari inatuhusu nini. Kwa barabara, Tanga iko zaidi ya kilomita mia nne kutoka mnara wa saa. Wazee wetu wa Kiarusha na wa Kimasai hawakula samaki, na wapo ambao hadi leo ukiwawekea sahani ya samaki wanaiangalia kama umewakosea adabu. Mjini mambo yamebadilika. Sokoni Kilombero kuna dagaa wa Mwanza na wa Kigoma, kuna perege wa Nyumba ya Mungu, na kuna nguru na jodari wanaopanda usiku kwa barafu kutoka Tanga. Kuna mama mmoja ninayenunua kwake ambaye husema samaki wake "ametoka Deep Sea" kwa namna ya kumfanya mteja afikirie vilindi vya bahari. Anachomaanisha ni soko la samaki la Tanga linaloitwa hivyo, na ni soko la ufukweni kabisa.

Lakini kiungo chetu cha kweli na bahari si barafu ya basi la usiku. Ni maji. Mto Themi unatoka kwenye mitelemko ya Meru, unapita katikati ya mji huu ukibeba kila tunachoutupia, unaingia Kikuletwa. Usa nao unaingia huko. Kikuletwa inakwenda kukutana na maji ya Kilimanjaro katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto unaitwa Pangani, unashuka kandokando ya milima ya Upare na Usambara, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale, halafu unaingia Bahari ya Hindi kwenye mji wa Pangani. Mbele ya mdomo huo, upande wa kaskazini mashariki, ndipo penye mkondo wa Pemba. Unguja imekaa juu ya rafu ya bara, bahari kati yake na pwani ni ya makumi ya mita tu. Pemba imekatika. Kati yake na Tanga kuna kilindi cha kama mita mia nane, na ndani ya kilindi hicho ndimo anamopita samaki wa picha ya jirani yangu. Kwa hiyo chupa ya plastiki inayotupwa daraja la Themi leo ina nafasi, japo ndogo, ya kufika kwenye uwanja wake wa malisho. Hilo ni la makala nyingine, nalipitia tu.

Hata kalenda yetu ni moja na ya watu wa pwani. Huku tunauhesabu mwaka kwa mvua, pwani wanauhesabu kwa upepo, kumbe ni kitu kimoja. Kusi likianza kuvuma Aprili, linapandisha unyevu hadi kwenye mitelemko ya kusini na mashariki ya Meru. Ndiyo maana Tengeru na Usa River ni migomba na kahawa, na ukizunguka mlima hadi Oldonyo Sambu unakutana na vumbi. Aprili na Mei njia za hifadhini zinageuka tope, kambi nyingi zinafungwa, madereva wanarudi shambani au wanalala chini ya magari yao wakibadilisha bushi. Miezi hiyo hiyo kusi linaichafua bahari, na kule Shimoni na Watamu nchini Kenya, na kwetu Pemba, boti za kuvulia kwa burudani zinavutwa nchi kavu, zinapakwa rangi, injini zinafunguliwa. Mafundi wa pande zote mbili wanashika spana kwa pamoja bila kujuana.

Agosti kusi linaanza kuchoka. Wakati nyumbu wanavuka Mara, makundi ya jodari yanapita karibu na pwani, na boti za kwanza zinatoka. Oktoba na Novemba ni maleleji, upepo haujui unaelekea wapi, na sulisuli mwenye pezi kama tanga anasogea karibu na Watamu na Malindi. Desemba kaskazi linatulia. Maji yanapata joto la nyuzi ishirini na nane, ishirini na tisa, hadi thelathini, yanakuwa ya buluu nzito na safi. Hapo ndipo nduwaro wanapofika kwa wingi, na wanaendelea kuonekana hadi Machi. Januari hadi Machi ni msimu wa nyumbu kuzaa Ndutu. Aliyebuni paketi ya "nyika na bahari" hakuwa na kazi kubwa. Pepo za msimu zilikwisha kumpangia.

Mtindo wenyewe wa kuunganisha bunduki na ndoana una umri. Ernest Hemingway alishuka Mombasa Desemba 1933, akaja kuwinda Tanganyika, na Januari 1934 akaugua kuhara kwa amiba hadi ndege ndogo ikaja kumchukua porini kumpeleka Nairobi. Hadithi yake fupi "The Snows of Kilimanjaro", iliyotoka 1936, ilichota humo. Ndani yake rubani anamwambia mgonjwa kwamba huenda ikabidi watue Arusha kujaza mafuta. Kisha ndege inakata kushoto, na Arusha haifikiwi kamwe. Sisi wa Arusha tuna haki ya kununa kidogo. Alipomaliza kuwinda, aliteremka pwani ya Kenya kuvua samaki wakubwa. Aliporudi Afrika Mashariki miaka ishirini baadaye, Januari 1954, ndege mbili zilimwangusha Uganda ndani ya siku mbili, na bado, akiwa na majeraha ya ndani, alikwenda kambi ya uvuvi Shimoni, ambako moto wa kichaka ulimuunguza alipojaribu kusaidia kuuzima. Mwaka huo huo akapewa tuzo ya Nobel. Unaweza kumhurumia. Mimi naona kwanza ule mpangilio: wanyama bara, samaki pwani, na watu wa hapa wakiwa wabeba mizigo na mabaharia wasio na majina. Mpangilio huo tumeurithi mzima mzima, tofauti ni kwamba sasa wanaouuza ni sisi.

Mchezo wenyewe nieleze kwa wasioujua, maana una uzuri wake na sitaki kujifanya siuoni. Boti inatoka alfajiri, inafuata ukingo ambapo kina kinaporomoka. Pande zake mbili zimetandazwa fito ndefu kama mbawa ili mishipi isigongane. Nyuma zinaburutwa chambo bandia zinazorukaruka juu ya povu. Wavuvi wetu wanalijua jambo hili tangu enzi. Wanaliita kurambaza, na wanalifanya kwa ngalawa na tanga moja. Tofauti ni injini, mwendo wa maili nane au tisa za baharini kwa saa, na kiti kilichofungwa kwenye sakafu ambacho mvuvi anakaa akafungwa mkanda kama mgonjwa wa meno. Saa zinapita bila kitu. Halafu mshipi mmoja unachomoka kwenye ufito wake, gurudumu la uzi linapiga kelele, na kule nyuma mnyama wa mita tatu anaruka hewani akitikisa kichwa. Pambano laweza kuchukua dakika ishirini au saa nne. Siku moja ya boti nzuri inagharimu mamia ya dola, mara nyingi zaidi ya elfu moja, na walio wengi wanarudi mikono mitupu na bado wanasema walistarehe. Nimewahi kukaa siku nzima Tarangire nikitafuta chui bila kumwona. Nawaelewa.

Mwishoni baharia anaushika uzi wa mwisho kwa glavu, na hapo ndipo penye uamuzi. Ama samaki anakatiwa uzi au kutolewa ndoana na kuachiwa, wakati mwingine akiwa amechomekwa alama begani yenye namba. Ama anapigwa kulabu na kupandishwa, kisha picha.

Sasa jibu la jirani yangu. Nilikwenda kulisoma, na lilinikosesha raha. Kwa nduwaro wa buluu, dume hukua kwa shida kupita kilo mia na hamsini. Jike ndiye anayefika mia tatu, mia nne, mia tano. Yule aliyeshika rekodi ya Atlantiki, aliyevuliwa Vitória nchini Brazil mwaka 1992 akiwa na kilo 636, huwezi kumfikiria kuwa dume. Nduwaro mweusi naye ni vivyo hivyo. Maana yake, kila samaki anayestahili kutundikwa na kupigwa picha, kila anayeandikwa ubaoni kwenye klabu na kushangiliwa, ni mama. Na ukubwa wake ndio wingi wa mayai yake; jike mkubwa anataga mayai kwa mamilioni msimu mmoja. Samaki wa picha ile, kwa urefu wake dhidi ya mwili wa yule mgeni, hakuhitaji kupasuliwa ili tujue.

Linganisha na huku. Uwindaji wa kitalii una mambo mengi ya kulaumiwa, nami nimeulaumu kwenye kurasa hizi, lakini una kanuni ambazo kila mwindaji wa kampuni za Arusha anazijua kwa moyo. Kila kitalu kina mgawo wa wanyama. Kila kichwa kina ada. Askari wa wanyamapori anafuatana na msafara. Jike la simba haliguswi. Dume lenyewe lazima liwe limetimiza miaka sita, na fuvu na meno vinakaguliwa baadaye kuona kama mwindaji alisema kweli. Tembo jike haguswi. Hizo kanuni hazikushuka na mvua. Serikali iliwahi kuufunga uwindaji wa kitalii kabisa, kuanzia 1973 hadi 1978. Kenya ilifunga 1977 na haijafungua tena, ingawa boti zake za kuvua kwa burudani zimeendelea kutoka kila msimu kana kwamba samaki si mnyama wa porini.

Na tunajua kugombana pia. Kati ya mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, madume matano ya tembo wenye meno makubwa yalipigwa risasi upande wetu wa mpaka, kwenye eneo la Enduimet, wilayani Longido. Walikuwa tembo wanaovuka kwenda na kurudi Amboseli. Watafiti waliwajua mmoja mmoja, barua za wanasayansi zikaandikwa, magazeti ya Nairobi na ya Ulaya yakapiga kelele, wawindaji wakajibu kwamba leseni zilikuwa halali. Katika vijiwe vya kahawa vya hapa mjini watu walibishana hadi wakasahau kahawa. Mimi nilikuwa upande wa tembo. Lakini angalia ubishi ulivyokuwa wa hali ya juu: umri wa tembo, urefu wa pembe, nani ana haki na mnyama anayevuka mpaka, kijiji kinapata shilingi ngapi. Nduwaro naye anavuka mpaka. Anaweza kuamka maji ya Kenya, kupita mbele ya Tanga mchana na kulala maji ya Pemba. Hana jina, hana barua ya wanasayansi, na hakuna kijiwe kinachobishana juu yake.

Najua nitakachojibiwa, na kina uzito. Wavuvi wa burudani si wao wanaomaliza nduwaro. Katika Bahari ya Hindi samaki hawa wengi wanafia kwenye nyavu za jarife na kwenye mishipi mirefu ya meli za kibiashara zinazotafuta jodari. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli na ambayo Tanzania ni mwanachama, imekuwa ikitahadharisha kwa miaka kwamba nduwaro mwenye milia anavuliwa kupita kiasi. Azimio lake la mwaka 2018 liliziambia nchi wanachama zidhibiti uvuvi wa nduwaro na sulisuli, na kwamba asibakizwe botini aliye chini ya sentimita sitini. Sheria nzuri, lakini msomaji makini ataona ilivyokaa: inamlinda mtoto na kumwacha mama. Kwa vyovyote, ukilinganisha samaki wote waliotundikwa kwenye klabu za pwani kwa mwaka na wale wa meli moja ya mishipi mirefu, utashangaa.

Kuna jibu la pili, zito zaidi, ambalo nililisikia Pangani miaka kadhaa iliyopita kutoka kwa mzee wa dau. Nilikuwa nimemwuliza kuhusu kuachia samaki. Alinitazama kwa upole wa mtu anayeongea na mgeni wa bara. "Mwanangu, yaani umhangaishe samaki saa nzima, umchoshe, halafu umrudishe? Huo si uvuvi, huo ni utani." Kwake nduwaro ni chakula cha mtaa mzima, ni nyama ya kukausha na kuuza, ni ada ya shule. Sitathubutu kumwambia asimle. Na nikiri kwamba hoja yake dhidi ya mchezo wenyewe ina nguvu kuliko hoja nyingi nilizosoma.

Lakini ndiyo kwanza inaonesha ni nani anayepaswa kubanwa. Mvuvi wa jarife anatoka usiku bila taa ya maana, hana mizani, hana chombo cha kumwambia yuko latitudo gani, na akishika nduwaro anamkata vipande kabla hajafika nchi kavu. Meli kubwa iko mbali na ina sababu zake za kuandika inachotaka. Mvuvi wa burudani ndiye peke yake baharini mwenye mizani, mwenye saa, mwenye ramani ya setilaiti, mwenye kamera tatu na muda wa kutosha wa kuandika. Yeye hapungukiwi chochote akiambiwa ajaze daftari: aina, urefu, mahali, saa, ameachiwa au amechukuliwa, na kama amechukuliwa, jike au dume. Kenya wamelionesha hilo. African Billfish Foundation ya Watamu imekuwa ikitia alama samaki kwa kuwatumia wavuvi hawa hawa wa starehe kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila alama inayorudi kutoka bahari ya mbali inatoa habari ambayo hakuna wizara ingeweza kuinunua. Mgeni analipa mwenyewe kufanya utafiti. Huku Arusha tungekuwa na mteja wa namna hiyo kwa ajili ya duma, tungemjengea sanamu.

Kwetu Tanzania kigumu ni kwamba maji yamegawanywa vipande kuliko nyika. Uvuvi wa karibu na pwani, Bara una wizara yake na Zanzibar ina wizara yake, kwa kuwa uvuvi si jambo la Muungano. Ukitoka nje ya maji ya kitaifa kuelekea maili mia mbili, unaingia mikononi mwa Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao Zanzibar, ambayo ndiyo ya pande zote mbili. Kisiwa cha Mafia kina hifadhi yake ya bahari tangu 1995, Pemba ina eneo la hifadhi la mkondo tangu 2005. Kila mmoja ana kibali chake, fomu yake na afisa wake. Leseni ya kuvua kwa burudani ipo kisheria. Ninachokitaka ni daftari moja ambalo boti ya Pemba, ya Mafia, ya Kilwa na ile inayotoka Dar es Salaam kwenda Fungu Kizimkazi zote zinaandika kwa namna moja, na ambalo mwisho wa msimu, kusi likianza, linakusanywa na kusomwa. Kusomwa, narudia. Tuna madaftari mengi yaliyokusanywa.

Na nataka kanuni ya kumwachia jike mkubwa iandikwe, isiachwe kwenye hiari ya nahodha. Kwa nduwaro ni rahisi kuliko kwa simba. Hakuna haja ya kutazama pua wala manyoya ya shingoni: akizidi kilo mia mbili kwa makadirio ya macho, na manahodha hawa wamezoea kukadiria, aachiwe, akiwa majini, bila kupandishwa botini kwa ajili ya picha. Picha inaweza kumuua anayehesabika kuwa ameachiwa. Ndoana iwe ile ya mviringo, inayomshika pembeni mwa mdomo, badala ya ile inayomezwa hadi tumboni. Mgeni atalalamika? Huyu huyu aliyelia Ndutu kwa ajili ya ndama? Mwelezeni tu. Wateja wetu wanavumilia kulala kwenye hema bila umeme, wanavumilia kuambiwa wasishuke garini, wanavumilia kulipa ada ya hifadhi kwa saa ishirini na nne hata wakikaa sita. Watavumilia na hili.

Hapo ndipo ofisi za Arusha zinapoingia. Wanaopanga safari hizi hawako Wete wala Kilindoni. Wako barabara ya Boma, wako Sakina, wako ghorofani karibu na ukumbi wa mikutano. Wao ndio wanaochagua boti gani ipewe mteja. Kampuni ya utalii ya mji huu haiwezi kumpeleka mgeni kwenye kambi ya uwindaji isiyo na kibali, itafungwa. Kwa nini iweze kumpeleka kwenye boti isiyoandika kitu? Swali moja tu kwenye barua pepe ya kuhifadhi nafasi lingetosha kuanzia: mna daftari? Na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, iko hapa hapa, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, iko hapa, na Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru na wanafunzi wake wanatafuta mada za utafiti kila mwaka. Samaki si kazi yao, nitaambiwa. Sawa. Lakini ujuzi wa kupanga mgawo, wa kukagua fuvu, wa kubishana na mwindaji mwenye pesa, umejaa katika mji huu kuliko mji wowote wa Afrika Mashariki, na Tanga ni safari ya basi moja.

La kijiji nalo silisahau. Longido na Monduli, jumuiya za wanyamapori kama Enduimet na Randilen zinapokea sehemu ya ada za wageni, na kila mwaka tunagombana kama sehemu hiyo inatosha na imeliwa na nani. Huo ugomvi ni wa afya. Maana yake kuna kitu cha kugombania. Ufukweni kuna vikundi vya usimamizi vya wavuvi, BMU kama vinavyoitwa, vinavyofanya doria kwa mtumbwi na mafuta ya kuchangishana. Nduwaro mmoja aliyeachiwa akarudi kuvuliwa na mgeni mwingine msimu ujao ana thamani kubwa kuliko nyama yake yote. Yule mzee wa Pangani akiona sehemu ya ada hiyo ikinunua mafuta ya doria, huenda utani ukawa na maana kwake. Bila hiyo, ana haki ya kuucheka.

Mwezi uliopita, kusi likiwa bado linapiga, mteja yule alimwandikia jirani yangu tena. Anataka Ndutu mwishoni mwa Januari na Pemba wiki inayofuata, safari hii na mwanawe wa kiume. Jirani aliniomba nimsaidie Kiingereza cha kumjibu. Tukaandika kwamba karibu, Ndutu ipo, nyumbu watakuwepo Mungu akipenda, na kuhusu Pemba tafadhali uliza boti yako kama ina daftari la samaki na ndoana za mviringo. Aliisoma barua mara mbili kwa sauti ya chini.

"Na lile la jike, mwalimu?"

Nikamwambia aliongeze mwenyewe. Akaliongeza kwa kidole kimoja, polepole, kwa Kiingereza chake cha porini ambacho wageni hukipenda kuliko changu, akatuma, akaenda kulala. Alikuwa na wageni wa Tarangire alfajiri.